Uwanja wa Ardis

Jumapili baada ya ibada, Alma Sundeen alivua kofia, akatia viazi na nyama ya kusaga kwenye tanuri, akaketi mezani katika chumba cha kulia kuirusha ndege ya mchana kutoka Sioux Falls kwenda Fargo. Ndege hiyo ilikuwa ndani ya kompyuta. Dunia yake ilikuwa kijani kitupu chini na buluu tupu juu, mito ni mistari, na nyumba hakuna. Kompyuta aliinunua marehemu mumewe, Leland, na alipokufa Alma akarithi kiti chake pamoja na zamu yake katika shirika la ndege.

Shirika lenyewe halikuwa na ndege hata moja. Lilikuwa la watu waliokaa majumbani mwao, mmoja huku mwingine kule, kompyuta zao zikiwa zimeunganishwa kwa waya za simu. Lakini sheria zao zilikuwa kali kushinda za wenye ndege. Safari ya saa mbili ilirushwa kwa saa mbili. Kuisukuma saa mbele ilikuwa aibu. Mwenye haja ndogo alivumilia mpaka Fargo.

Alma alipokuwa juu ya mashamba, upande wa kulia ikatokea ndege ndogo ya njano, na maneno yakajiandika chini ya skrini.

"Nordby, Nordby, naomba kutua. Mafuta yanakwisha."

Nordby ndio mji wa Alma.

"Nani huyo?" akaandika Virgil Kucera, mfuga nguruwe wa Nebraska. "Simwoni na namba ya uanachama. Jumapili kila mtu rubani."

"Mwache," akajibu Rosalind Petrakis, daktari wa meno wa Toledo. "Wewe ulianza bila kujua breki iko wapi."

Alma akauliza jina la rubani.

"Ardis Tveit. Naipeleka ndege hii jeshini. Nimepita nyumbani mara moja niwapungie mkono."

Alma aliinuka, akapunguza moto wa tanuri, akarudi.

Ardis alikuwa dada yake mkubwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa mmoja wa wasichana waliozipeleka ndege za jeshi kutoka viwandani, nao hawakuhesabiwa kuwa askari. Asubuhi moja ya mawingu aliruka na hakufika. Walitafuta mabaki mpaka wakachoka, na hawakuyapata kwa sababu hayakuwapo. Ndege haikuanguka, ilikosa pa kutua. Vita vilipokwisha uwanja wa ndege wa Nordby ulilimwa, ukapandwa soya, na tangu hapo hata angeuona mji asingekuwa na pa kushukia.

"Huyo ni dada yangu," Alma akawaandikia wenzake. "Anataka kutua nyumbani, na uwanja umelimwa."



"Ungesema mapema, Bi Alma," akaandika Virgil. "Uwanja ulikuwaje?"

Kwa kuchora viwanja, Virgil hakuwa na mwenzake. Aliacha ndege yake juu ya Omaha ikijiendea, jambo ambalo angemfukuzia mtu mwingine, akaanza kuchora mstari kwa mstari. Alma alimpa urefu, akampa banda la mabati, akampa na nyuzi za dira ambazo baba yao, mkata nyasi wa uwanja ule, aliwakaririsha tangu wadogo. Rosalind akabaki na Ardis angani.

"Punguza mafuta, mpenzi. Zunguka kushoto, taratibu."

"Kuzunguka usinifundishe, dada. Ndiyo kazi niliyonayo."

Uwanja ukaletwa kwa waya ya simu, ukakaa mahali pake. Ndege ya njano ikashuka, ikanyooka, ikakaribia kugusa. Halafu ikanyanyua pua ikapanda tena.

"Huu si wa kwetu," akaandika Ardis. "Njia ya Nordby inaelekea mnara wa kanisa. Hii inaelekea kwa akina Brekke. Mimi kwa Brekke situi."

"Nimepima kwa dira!" Virgil akaja juu.

"Dira ya lini?" akauliza Rosalind. "Kaskazini ya dira husogea kila mwaka, Virgil. Umepima kwa ya leo, mwenzako anarushia ya wakati wa vita."

 Kosa hilo ndilo Virgil alilokuwa akiwakemea wanachama wapya, hata mmoja akalia. Akaufuta uwanja, akaupinda kidogo, akaongeza kanisa: pembetatu juu ya kisanduku.

Lakini uwanja mpya ulikuwa mzito, na kompyuta ya Leland isingeupokea bila kuizima dunia kwanza na kuiwasha upya kwa diski. Alma alitia kidole kwenye swichi akakitoa. Mara ya kwanza dada yake alipotea mawinguni Alma akiwa uani anaanika nguo. Safari hii angempoteza kwa mkono wake mwenyewe.

"Ardis," akaandika, "kutakuwa na giza kidogo. Shika mwelekeo, usiguse kitu. Nakuja kukuchukua."

"Wewe? Si wewe uliyekuwa ukiogopa bembea?"

"Niliogopa. Sasa naenda Fargo kila Jumapili."

"Haya, rubani. Njoo."

Akazima. Chumba kikabaki na saa ya ukutani na harufu ya viazi. Akawasha. Diski ikakoroma kama mgonjwa anayetafuta pumzi, ikanyamaza, ikakoroma tena. Buluu ikaja. Kijani kikaja. Likaja kanisa, ikaja njia ya kutulia, na ndege ya njano hakuna. Alma akageuza ndege yake kushoto, akageuza kulia, akashuka mpaka kijani kikajaa skrini, na pale chini kabisa, karibu kugusa ardhi, akaiona njano.

"Niko nyuma yako," akaandika. "Mnara uko mbele. Twende."

Wakatua pamoja. Injini ya Ardis ilizimika yenyewe magurudumu yakiwa bado yanabingirika.

Punde mlango wa jikoni ukafunguliwa. Ardis aliingia na koti lake la ngozi, akafuta viatu, maana vilikuwa na majani ya soya. Alikuwa na miaka ile ile ishirini na minne. Akamtazama Alma, mvi mpaka miwani.

"Umezeeka, mdogo wangu."

"Na wewe umechelewa. Nawa mikono ule."

Hawakuwa wameweka sahani ya pili mezani wakati Norvald Brekke alipobisha hodi. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya jiwe la mbele ya kanisa, lenye majina ya watu wa Nordby waliokufa vitani. Aliiona ndege shambani, akaja kujua nani atalipa soya iliyopondwa. Alimsalimia Ardis, akasema hajabadilika, akakubali viazi.

"Norvald," akasema Alma, "kila nikikuomba jina lake liandikwe, unasema jiwe ni la askari. Serikali imekwisha kutamka kwamba wale wasichana ni askari."

"Imetamka, sikatai," akasema Brekke, akimeza. "Lakini jiwe ni la waliokufa, Alma. Na huyu anakula."

"Kwa hiyo alipokufa hakuwa askari, na sasa ni askari hajafa."

"Kanuni sikuitunga mimi. Viazi vitamu, kwa kweli."

Ardis alicheka mpaka akaweka uma chini. Kisha akauliza kama kuna kahawa. Jiwe lilibaki vilevile, na liko vilevile hadi leo.

Brekke alipokwenda zake, Ardis alikaa katika kiti cha Leland na kutazama skrini. Rosalind alikuwa ameandika kwamba safari ya Duluth haina mtu wa kuirusha siku ya Alhamisi. Virgil alikuwa ameandika chini yake kwamba mgeni aombe kwa utaratibu kama wengine, ila kwa maoni yake ametua vizuri.

"Hii unaipandishaje?" akauliza Ardis.

"Kitufe cha juu," akasema Alma. "Usikibamize, si trekta."

Akamwacha akijaribu, akapanda ghorofani kutandika kitanda cha pili.