Mungu wa Kike Kando ya Reli

Jua lilikwisha kupanda, na Emérence alikuwa bado amesimama kwenye tope la Namuwongo, mtaa wa mabanda wa Kampala, akiwa mungu. Mabawa ya bati yalimkata mabegani. Uso wake ulipakwa rangi ya fedha iliyomwasha kama pilipili.

Filamu aliyokuwa akiigiza ilihusu zama zijazo, binadamu wamehamia sayari za mbali na kuwakuta huko miungu walioziumba. Travis, mwongozaji kijana aliyesoma Chuo Kikuu cha Kyambogo, alimchagua kwa urefu wake na kwa Kiswahili chake cha Kongo. Majirani waliahidiwa soda ili wampigie magoti.

"Rudia," Travis aliagiza. "Kwa ukali."

"Nimewasha majua yenu yote," Emérence alisema, "na naweza kuya..."

Waliopiga magoti waliinuka ghafla. Tingatinga lilikuwa linakuja kando ya reli, askari wakilitangulia na virungu.

"Wanabomoa!" Marie-Jeanne, jirani yake wa ukuta mmoja, alipiga ukelele na kukimbilia kwake.

Emérence naye alikimbia, mabawa yakimyumbisha. Chumbani mwake mlikuwa na cherehani, kitu pekee kilichomlisha tangu alipoikimbia Bukavu. Askari mmoja, Okidi, alimwekea kirungu kifuani.

"Wapi?"

"Kwangu, afande. Mashini yangu ya kushona iko ndani. Niachie kidogo tu, baba. Naitoa, naondoka."

"Hapana. Amri natoka juu kabisa, mama. Mimi natumwa tu." Akamtazama kuanzia taji hadi miguu mitupu. "Na wewe iko nini?"

"Ni mchezo wa filamu, afande."

"Basi enda cheza kule."

Tingatinga liliinua koleo lake. Emérence aliinua mkono, kiganja wazi, kama alivyofundishwa kuwaamuru wanadamu. Hakujua kwa nini.

"Hapo hapo!" Travis alipaza sauti nyuma yake. "Usishushe mkono! Kamera, mfuate!"

Dereva hakumtazama. Ukuta uliingia ndani, mabati yakakunjamana, kisha chuma kikalia chini ya chuma. Mkono wake ulibaki juu, machozi yakichora mistari kwenye rangi ya fedha. Hakuona kazi nyingine ya kuupa.

Travis alimjia macho yamelowa. "Dada, umelia vizuri sana. Kitu kama hiki tusingeweza kukitengeneza."

"Travis, sina pa kulala."

"Pole. Pole sana. Tutaona." Akawageukia wenzake. "Kusanyeni vyombo upesi, hatuna kibali."

Babra, msichana wa mavazi, alikuja na mfuko. Vazi lilikuwa la kukodi, lilitakiwa dukani siku hiyo hiyo. Alimvua taji, akalegeza skrubu za mabawa taratibu yasipinde. Alipofika kwenye gauni, alisita.

"Mama, na hili pia."

"Nguo zangu ziko pale." Emérence alionyesha lundo. Tingatinga lilikuwa likilipitia tena.

Babra alimtazama Travis. Travis aliinama, akawa anakunja waya.

"Watanidai mimi," Babra alinong'ona.

Marie-Jeanne alileta pazia alilookoa, akalishika kwa mikono miwili kumkinga. Lilikuwa fupi. Ng'ambo ya reli askari walikuwa wamekaa kupumzika, wakitazama. Emérence aliwapa mgongo, akaanza kufungua vifungo.