Mstari Uliobaki Mweusi

Baba yao alikuwa anazikwa Tukuyu mchana ule, na Tusajigwe amelala Madale, Dar, na mshono wa tumbo usiotimiza hata wiki. Daktari alimkatalia safari katakata. Alichobaki nacho cha kumzikia baba yake ni simu tu.

Kaka yake, Gibson, alimtumia linki ya kuangalia mazishi moja kwa moja. Sasa huyo Gibson ni karani mstaafu, kazeekea kwenye taipureta, na hadi leo akiona mstari unakaribia ukingo, lazima ashuke chini aanze mwingine. Linki aliichapa mwenyewe, herufi moja moja, akaivunja katikati ipendeze. Simu haijui mambo ya kupendeza. Mstari ukikatika, yenyewe hudhani anwani imeishia hapo. Ikaipaka buluu nusu ya juu, ya chini ikaiacha nyeusi kama maneno mengine yoyote.

Tusajigwe akabonyeza ile buluu. Ukafunguka ukurasa wa mbele wa wapiga video: harusi, kipaimara, harusi. Akarudi, akabonyeza tena. Harusi.

Hapo roho ikamchafuka. Tangu mwaka jana hawakuwa wakielewana. Yeye alitaka baba aletwe Dar kutibiwa. Gibson alikataa, akisema mzee mwenyewe hataki kutoka kwake. Tusajigwe akampigia, simu ikaita hadi ikakatika. Basi akarekodi sauti.

"Kaka, baba ulimnyima hospitali, leo umeninyima hata kaburi lake. Siku yako ikifika, mie sitakuja."

Akatuma, na wala hakujuta.

Jirani yake, Chausiku, aliingia na uji akamkuta analia. Akaichukua simu, akautazama ule ujumbe wa Gibson.

"Mama Hope," akamwambia Tusajigwe, "mbona huku chini kumebaki kweusi? Hii si inaendelea?"

"Inaendelea wapi?"

"Hebu tuiunganishe."

Akanakili vipande vyote viwili, akavibandika pamoja. Mstari mzima ukawa buluu.

Safari hii yakafunguka mazishi yenyewe. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa, watu wanatawanyika kati ya migomba. Tusajigwe akakumbuka sauti aliyoituma. Alitaka arudi haraka akaifute, lakini pale pale, kando ya kaburi, akamwona kaka yake kaweka simu sikioni. Haongei. Anasikiliza tu.

"Kaka, usisikilize!" Tusajigwe alipiga kelele, mshono ukamvuta. Nani wa kumsikia?

Gibson akaiteremsha simu, akaitazama, akaitia mfukoni mwa koti. Mpiga video alikuwa ameanza kukusanya nyaya zake. Sauti ya Gibson ikasikika, nzito.

"Usizime kwanza. Mdogo wangu hajaona."

Akapiga goti kwenye udongo mbichi, akaligeuza shada moja lielekee kamera. Lilikuwa limeandikwa Tusajigwe.

Tusajigwe hakuwa ametuma shada lolote.