Bandia Kabla ya Halisi

Umeme ulikatika asubuhi, ukarudi kwa kishindo, na bodi ya mashine yetu ya kutotolesha vifaranga ikaungua. Nilisikia harufu kabla sijafika mlangoni. Mashine yenyewe niliiunda mimi, kwa friji bovu na vyuma vya karakana yangu. Kazi yangu ni kuchomelea. Shule niliiacha mapema. Lakini ile bodi ya kuwasha na kuzima hita ilitengenezwa na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Tunamwita Injinia.

Ndani mlikuwa na mayai ya mke wangu. Kideri kilikuwa kimepita bandani kwake kikafagia kuku wote, hakikubakiza hata jogoo. Mayai hayo aliyaweka mashineni kabla ugonjwa haujaingia, na yalikuwa yamebakiza siku chache tu yaanguliwe. Wale kuku alirithi mbegu yao kwa mama yake. Sasa ukoo wao mzima ulikuwa mle ndani ya friji.

Injinia alikuja mbio na bodi nyingine. Haikuwa ya aina ileile, kwa hiyo programu ilibidi ijengwe upya. Akaketi sakafuni, kompyuta mapajani. Mke wangu akajaza chupa maji ya moto, akazipanga kati ya trei, akafunika kila kitu kwa mablanketi. Mimi nilisimama tu na bisibisi mkononi.

"Niunge hita moja kwa moja kwenye umeme," nikasema.

"Halafu tule mayai ya kuchemsha," mke wangu akajibu bila kugeuka.

Kompyuta ikakataa. Ilidai haioni mahali panapohesabiwa dakika.

"Si uliandika?" nikamuuliza Injinia.

"Niliandika, shemeji. Iko kwenye maktaba ya Dakika."

Maktaba ninayoijua mimi ina vitabu na mtu wa kukukataza kukohoa. Zake ni vifurushi vya programu, kila kimoja na kazi yake: Feni wa kupepea, Dakika wa kuhesabu muda, na wengine. Mwishoni kuna kitu anakiita kiunganishi. Kinapita kwenye orodha ya maktaba na kuzifunga pamoja. Kinapita mara moja, kutoka mwanzo hadi mwisho, kinachukua kile tu ambacho kimeshaulizwa, na nyuma hakirudi.

"Feni anamhitaji Dakika," alisema. "Lakini kiunganishi kilipofika kwa Dakika hakuna aliyekuwa amemuuliza, kikampita. Kufika kwa Feni, ndiyo Feni anamtaka Dakika. Keshapitwa."

"Kama shemeji yako: nikimwita kula haji, vyombo vikishaoshwa ndiyo anataka," mke wangu akasema.

"Nani kawapanga hivyo?" nikauliza.

Injinia akakuna shingo. "Mimi. Kazini kwetu kila orodha tunaipanga kwa alfabeti. Juzijuzi nikaona hii imekaa ovyo, nikaipanga. Sikuijenga tena, kwa hiyo sikujua nimeharibu."

"Yaani uliipamba."

"Niliipamba, shemeji. Niache nifanye kazi."

Akamhamisha Dakika nyuma ya Feni. Safari hii kompyuta haikunung'unika. Nikafunga bodi kwa skrubu, nikawasha. Feni ikazunguka, skrini ikaonyesha thelathini na saba nukta saba, joto lenyewe hasa. Mke wangu alimshika mdogo wake kichwa kwa mikono miwili, kama anayekagua tikiti maji.

"Toeni chupa na mablanketi," Injinia akasema, "mayai yasije yakapata joto kupita kiasi."

Niliyatoa mimi. Nikayakunja vizuri.

Tukanywa chai palepale. Kila nikitupa jicho, thelathini na saba nukta saba.

"Haichezi hata chembe," nikasema. "Ule mlango niliuchomelea sawasawa."

"Leo hatutalala kwa sifa," mke wangu akasema.

Chai ilipoisha na mazungumzo yakaisha, mke wangu akaenda kugeuza mayai. Akachukua moja, akaliweka juu ya kope la jicho, kama anavyofanya siku zote. Akakaa hivyo.

"Limepoa."

"Haliwezi kupoa, dada. Soma skrini."

"Skrini haina mtoto humo ndani."

Nikaingiza mkono, nikashika hita. Chuma kitupu, baridi.

Injinia akaifungua orodha yake. Nikamwona anasoma mstari uleule, midomo ikicheza.

"Bandia," akasema. "Bandia yuko juu ya Halisi."

"Bandia ndiye nani?"

"Kipimajoto cha uongo. Nyumbani sina mashine, nilimtengeneza nijaribie programu. Ukimuuliza joto, anakwambia thelathini na saba nukta saba, hata ukimzika kwenye barafu. Zamani alikuwa chini ya Halisi, kile kipimajoto cha kweli, hakuna aliyemfikia. Sasa B iko kabla ya H."

"Na hiyo kompyuta yako mbona haikukataa?"

"Ikatae kwa nini? Imeuliza joto, wa kwanza akajibu. Imeridhika."

Akamfuta Bandia, akajenga upya. Skrini ikazima, ikawaka: ishirini na mbili. Hita ikalia tik. Nikayakunjua mablanketi niliyoyakunja, nikayarudisha. Mke wangu akachemsha maji mengine. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Nilitamani mtu aanze, nipate cha kujibu.

Chuma kikishikana vibaya nakikata, nakisaga, nachomelea tena. Hapa sikuona pa kuweka jiwe la kusagia. Nilisimama nikiangalia namba zikipanda, polepole, kama mzee ngazini.

Mke wangu akafunga pazia, akawasha tochi, akaanza kumulika yai moja moja. Juzi aliponiita nione, mlikuwa na kitu kinarusharusha miguu humo. Leo hakuniita. Alimulika, akasubiri, akarudisha, akachukua lingine.

"Dada," Injinia akaita.

"Subiri kwanza. Huenda amelala."

Akamulika tena lilelile. Nyuma yake skrini ilifika thelathini na saba nukta saba, na safari hii ilikuwa kweli.