Waya wa Katani

Kila asubuhi Mbinya alipanguza vumbi la pampu kabla ya kupiga sakafu deki. Ilikuwa pampu ya kufyonza, kuukuu, iliyotoka ng'ambo ndani ya sanduku la mbao, waya wake umekatwa shingoni. Kazi yake ni kuvuta maji machafu kooni mwa watoto wanaozaliwa wamepaliwa. Mafundi waliikaza kwa saruji katika chumba cha kuzalia, wakaenda zao, ndipo ikaonekana kwamba soketi ya pekee ya zahanati iko chumba cha dawa. Sista Ndinda, muuguzi, akaandika barua kuomba waya. Ofisi ikajibu kwamba jambo linashughulikiwa. Ilikuwa imepita miezi kumi na sita. Katika miezi hiyo mtoto wa kwanza wa Kavata, dada yake Mbinya, alikufa hatua mbili kutoka kwa pampu, nayo imefunikwa kitambaa safi.

Sasa mwezi wa Kavata wa kujifungua ulikuwa umefika tena. Mbinya mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi minne, na usingizi ulikuwa umemhama.

Alienda kwa Kiilu, mwendesha jenereta, akapewa waya wa pasi iliyoungua. Walipouvuta kutoka kwenye soketi, uliishia mlangoni mwa chumba cha kuzalia.

"Imebaki mikono minne," Kiilu akasema. "Mwingine uko Kitui mjini, na mimi sina miguu ya kukuazima."

Mbinya akaketi kizingitini, akapandisha leso juu ya goti, akasokota katani pajani kama anavyosokotea kiondo. Akaiunga na shaba, akaivika mpira wa tyubu, akaifikisha kwenye pampu. Mkia uliobaki akauweka mapajani, bila fundo.

"Katani haipitishi stima," Kiilu akasema. Akagusisha testa. Taa yake ikawaka. "Basi hii inapitisha," akasema, akaenda kunywa chai.

Tatizo lilikuwa moja. Mbinya alipoacha kusokota ajikune, pampu ilizima. Aliposokota tena, ikanguruma. Sista Ndinda akajaribu kusokota yeye, pampu ikanyamaza kabisa.

"Imezoea paja lako," Sista akasema, akaenda kuwapa watu dawa.

Kavata aliletwa Alhamisi, kabla ya saa nne. Mtoto alitoka kimya, rangi ya bluu.

"Sokota," Sista akasema.

Mbinya akasokota. Pampu ikavuta. Mtoto hakulia. Fungu la katani likapungua, likawa nyuzi kumi, likawa tatu. Mbinya akanyoosha mguu, akakivuta kiondo cha marehemu mama yao, alimobebea chakula cha mchana. Akamwaga muthokoi sakafuni, akawa anafumua kwa mkono wa kushoto na kusokota kwa wa kulia. Macho yakamwendea kitandani.

"Usiangalie huku," Kavata akamwambia. "Angalia kamba yako."

Kiondo kilikuwa kimebaki kitako tu mtoto alipopiga chafya, kisha akalia.

"Ni msichana," Sista akasema.

"Ana kelele kama mama mkwe wangu," Kavata akasema, akageukia ukutani akalia na yeye.

Wiki iliyofuata akaja bwana Mutie kutoka ofisini. Akamwomba Mbinya asokote, akasikiliza pampu, akamwomba aache, akasikiliza tena. Akaandika kwenye daftari: *Waya upo. Ombi lifungwe.* Aliona Mbinya ameketi sakafuni, na tumbo limeanza kuonekana, akaagiza apewe kigoda. Kigoda kililetwa baada ya siku mbili, kipya.

Tangu hapo akina mama wa kijiji chetu cha Tulia waliokuja kuzaa walibeba beseni, wembe, na fungu la katani. Paja la Mbinya likawa laini kama kibuyu. Alikuwa akiitwa shambani, akiitwa kanisani katikati ya mahubiri, naye alikimbia huku ameshika tumbo.

Mimba ilipofika mwezi wa nane akamuuliza Sista, "Siku yangu atasokota nani?"

"Nitaandika barua," Sista akasema, akatafuta kalamu.

Mbinya akabeba kigoda, akakiweka kando. Akapanda kitandani, akalala chali, akavuta mkia wa kamba aone kama utafika.

Ulifika. Akapandisha leso, akaanza kujizoeza.