Spika za Nahodha

Mume wangu Kondo alikuwa ameshanunua spika mara mbili akazirudisha dukani, na sababu ni ileile: zinachoma masikio. Za kwanza alisema zinalia kama bati linaloburutwa. Za pili, ghali kuliko za kwanza, alizisikiliza wimbo mmoja akazima kwa hasira. Kwangu mimi zote ziliimba vizuri, lakini nani aniulize? Boti ni yake, pesa ni zake, na hamu ya kusikiliza taarabu nyumbani Mbwera kwa sauti ya kistaarabu amekuwa nayo tangu ujana.

Siku hiyo tulikuwa Kibiti kumchukua binti yetu Nasma, aje kujifungulia kwangu, mimba yake ya kwanza. Kondo akasema lazima tupitie kwa Mudathiri, muuza spika, kabla ya kwenda Nyamisati kupanda boti. Nilinuna. Mtoto tumbo limeshashuka, baba yake anawaza muziki!

Mudathiri si mtu wa papara. Alitoa spika mbili za mbao, zimenifika kiunoni, akatuonyesha kile kispika kidogo cha juu.

"Hiki ni cha kitambaa, mzee Kondo, si cha bati. Sauti yake haikati."

Akatandika zulia sakafuni, akafunga mapazia, akazigeuza spika kidogo zisimtazame Kondo usoni. Alisema vigae na ukuta mtupu navyo huifanya sauti ikwaruze. Kisha akaweka taarabu ya zamani. Fidla zilitoka laini mpaka Nasma akafumba macho.

"Ongeza, maneno siyasikii," Kondo akasema.

Mudathiri akaongeza.

"Bado."

Akaongeza tena, na hapo Kondo akaruka, viganja masikioni. "Punguza, bwana! Unaniua! Hizi nazo kali!"

Akapunguza. Kondo akalalamika kwamba sasa hasikii. Nikaanza kucheka, maana ubishi wa mume wangu naujua, kisha nikaona Mudathiri hacheki. Akampa Kondo mgongo, akajifanya anapanga nyaya, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Mzee, boti inaendeleaje siku hizi?"

Kondo hakujibu. Alikuwa anazitazama spika tu, anasubiri. Mudathiri akanigeukia.

Mwisho Kondo alizichukua, akisema zikimshinda atarudisha. Alipotoka kusimamia upakiaji, Mudathiri akaninong'oneza. "Shemeji, spika hazina kosa. Mtu aliyekaa na mashine ya boti mgongoni miaka yote hiyo, masikio huharibika. Sauti ndogo haimfikii, kubwa inamuumiza. Mpeleke hospitali."

Hospitali ningempeleka kesho. Safari ilikuwa leo. Njia ya Mbwera hupita kwenye vijito vyembamba katikati ya mikoko, na maji yakipwa hubaki mkondo mmoja tu wenye kina, ambao boti mbili hazipishani. Kwa hiyo kwenye kila kona nahodha huzima mashine na kusikiliza kama kuna anayekuja, ndipo aingie. Na maji yalikuwa yanapwa.

Nyamisati nilijaribu. "Baba Nasma, leo si umwachie Mashaka usukani?"

Mashaka ni mpambe wake wa botini, mtu mzima, mto anaujua. Kondo akanikodolea macho. "Nimwachie kwani mie naumwa?"

Abiria walikuwa wanatusikiliza. Kumwambia nahodha mbele ya abiria wake kwamba hasikii ni kumvua nguo. Niliona haya, nikaenda kukaa nyuma karibu naye. Nasma alikaa katikati, ameegemea maboksi ya spika.

Kona ya kwanza alizima, akainamisha kichwa, akasikiliza, akawasha. Kweli palikuwa kimya. Ya pili vilevile. Ya tatu ndiyo mbaya, mikoko imefunga pande zote. Alipozima tu, niliisikia: sauti ya mashine, nyembamba, mbali kidogo, inakuja. Nikamtazama usoni. Ametulia kabisa, kichwa upande, kama anavyofanya siku zote. Nikajiuliza ni mara ngapi Mungu ametupitisha hapa hivihivi.

"Hakuna kitu," akasema, akashika kamba ya kuwashia.

"Kipo."

"Mama Nasma, mie ndiye nahodha."

"Kipo, Kondo! Usiwashe!"

Akavuta kamba. Mashine ikakohoa, haikushika. Nikamrukia, nikaukumbatia mkono wake kwa mikono yangu miwili, na wale abiria wote wakiniona nimerukwa na akili. Mashaka alishachomeka upondo kwenye tope, anatusukuma pembeni. Boti ya kubeba samaki ikachomoza kwenye kona, imejaa barafu, mbio. Ilitupita karibu kiasi cha kuigusa. Wimbi likaingia ndani, Nasma akapiga ukelele amelishika tumbo lake.

"Hamsikii nyie?" dereva wao akafoka, huyo akapotea.

Nilimwendea Nasma nikampapasa. Mzima. Niliporudisha macho nyuma, Kondo bado ameshika ile kamba.

"Mashaka," akasema, "njoo ushike hapa."

Akaja kukaa katikati na abiria, pembeni yangu, maboksi yakichuruzika maji miguuni petu. Mkono wake alikuwa ameuweka juu ya mkono wa Nasma. Tukavuka kona mbili zaidi.

"Zile spika za kwanza nilizorudisha," akaniuliza. "Zilikuwa kali kweli?"

"Hazikuwa kali," nikajibu taratibu, sikutaka wengine wasikie.

Akasogeza uso, macho yake kwenye mdomo wangu. "Unasemaje?"

Ikabidi niseme tena kwa sauti, na boti nzima ikanisikia.