Mbuzi wa Musallam Waingia Malishoni

Ghaniya alikuwa kibarazani kwa kituo cha malisho, nje kidogo ya mji wa Jalan Bani Bu Hassan, Omani, akichagua mbegu kwenye ungo ambao mama yake alipetea mchele Unguja. Ukame ulikuwa umeingia mwaka wa tatu. Mbuzi waliokufa wa Musallam, mfugaji wa jirani, walishafika, wamesimama kwa adabu karibu na bomba.

Akawamwagia maganda ya mgunga, kunazi kavu na nyasi za pale pale. Wakala. Gunia la mbegu za ng'ambo walilinusa tu, wakalipa mgongo. Kisha wakapenya waya wa ua na kuangusha vinyesi ndani, na mbegu zilizomo zikachipua, maana ganda la mbegu ya mgunga hulainika tumboni mwa mbuzi, awe hai asiwe hai.

Ardhi ile ilikuwa ya Musallam kulishia. Kituo kilimwambia awatoe wanyama mpaka majani yaote, ndipo arudi. Alibakiwa na mbuzi watatu hai, amewafunga kamba nje ya ua, wanawatazama wenzao wakila.

Hazim, mkuu wa kituo, alikuja na viatu vipya.

"Shikamoo, bi Ghaniya. Alkhamisi tuna mgeni mkubwa. Tupande hizi za ng'ambo, zinatoka upesi."

"Marahaba. Na kufa zinakufa upesi, mwanangu. Hata mbuzi hawazitaki."

"Mbuzi gani?"

"Hao hapo."

Hazim aliwatupia jicho. "Hao maiti, bi Ghaniya. Khalas, basi, magunia yashafika."

Trekta likafukua miche yote, zikapandwa mbegu za ng'ambo. Ghaniya alishikwa na uchungu hata chai ikamshinda. Alkhamisi uwanja ulikuwa kijani, mgeni akapigwa picha, na gari la maji lililokuwa likimwagilia likaondoka naye. Majani yakakauka. Kufuli la lango halikuondoka, kwa kuwa majani bado hayajaota.

"Lango litafunguliwa lini, yaa Ghaniya?" Musallam aliuliza kila alipopita.

Beberu ndiye aliyetangulia. Alikufa, akainuka, akapenya waya. Wa pili akamfuata. Wa mwisho alikuwa jike mwenye mimba. Alipokata roho Musallam alimvua kamba, maana haikuwa na kazi tena, naye akaingia polepole, tumbo mbele.

Ghaniya akamwaga maganda mengine.

"Alhamdulillahi," alisema Musallam. "Washaingia wote."

Yeye akabaki nje ya lango, kamba mkononi.