Fundi Aliyetaka Kuushindisha Uvimbe na Njaa

Fundi cherehani alijiona mjanja kweli kweli. Alikuwa amesikia kwenye simu kwamba seli zikikosa chakula hujila zenyewe, akaamua uvimbe wa tumboni mwake nao ujile mpaka uishe. Akawa anaonja tu chakula, mkewe akigeuka anakimwaga. Suruali ilipoanza kumvuka, akaipunguza kiuno. Wiki iliyofuata akaipunguza tena. Mshono ukatulia, mkewe asiseme neno, naye akajisifu moyoni kwamba kuugua nako kunataka ufundi.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Zake ziliishia kwenye mizani ya kliniki.

"Kilo saba zimepungua," daktari alisema. "Leo sikuwekei dripu. Mwili huu hautaihimili dawa."

Ilikuwa dozi ya tatu ya dawa ya saratani, ile waliyoambiwa isichelewe. Fundi akamwaga elimu yake yote ya simu, kidole juu, kana kwamba daktari ndiye mgonjwa. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo lililomtia aibu zaidi.

"Kujila zinajila, baba. Ila seli ya saratani inajua kiasi. Ikibanwa na njaa inavunja vilivyochakaa ndani yake, inavigeuza chakula, inaishi. Watafiti wanajaribu dawa za kuizuia isijile, ili dawa zetu ziiweze. Bado wanajaribu."

Fundi alielewa upesi kuliko alivyopenda. Yeye mwenyewe kitambaa kikipungua hushona kola kwa vipande. Kumbe mwezi mzima ameshindana kubana matumizi na fundi mwenzake, tena aliyemzidi.

"Na nikila, si nitaulisha?"

"Utajilisha na wewe. Dawa naiweka mwilini mwako, siiweki kwenye simu. Kula, urudi baada ya wiki mbili."

Fundi alijicheka. Mkewe, aliyekaa kando yake, hakucheka.

"Suruali niliiona. Na mashavu uliyapunguza kwa sindano?" aliuliza walipofika kwenye benchi la nje. "Nilikuona unaisha. Nikajua ugonjwa umeshinda. Nimekuwa nikilia bafuni, maji nimefungulia, nisikutishe."

Mkewe alitoa yai la kuchemsha mkobani, akalimenya.

"Wiki mbili," alisema. "Ukinifia humo katikati, sitakusamehe."

Fundi akafungua mdomo ajitetee. Mkewe akamtia yai.